Miguu Yakimbia, Moyo U Wapi?

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona, katika miji yetu, makundi ya watu wakikimbia barabarani alfajiri, wake kwa waume, vijana kwa wazee, na baadhi yao wenye vitambi ambavyo zamani vingewafanya waone haya kutoka nje na kaptura. Miaka ile mtu mzima akionekana anakimbia, jirani alifungua dirisha na kuuliza kama kuna msiba au mwizi. Siku hizi twajua kwamba anajiandaa kwa mbio za marathoni, na mara nyingi hajiandai kwa ajili yake tu, maana mbio nyingi za nchi hii sasa hukimbiwa ili kuchangia matibabu ya wagonjwa, madarasa ya watoto, au usalama wa akina mama wajawazito. Hilo ni jambo jema, wala sikukusudia kulitia dosari. Nakusudia kuuliza swali moja tu, lililonisumbua kwa muda wa miezi minne mizima, nalo ni hili: mtu anapoutesa mwili wake kwa ajili ya mwenzake, na huku mawazo yake yako mbali kabisa na mwenzake huyo, je, tuseme ametenda wema, au ni miguu yake tu iliyotenda?

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao wenye vitambi. Katika jumuiya yetu hapa Moshi yumo mtoto wa miaka sita aliyezaliwa na tundu moyoni. Mama yake huuza ndizi katika soko la Mbuyuni. Madaktari walisema apelekwe Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapasuliwe. Na hata kama sehemu ya gharama ingesamehewa, palikuwa na nauli, chakula, na mahali pa kulala mama kwa siku zisizojulikana idadi. Tukashauriana baada ya sala ya jumuiya, tukajitoa watu saba kukimbia Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari, kila mmoja na daftari lake la ahadi. Aliyetaka kutoa alijiandikisha shilingi kadhaa kwa kila kilometa. Wenzangu sita walichagua kilometa 21. Mimi, kwa sababu ambazo sasa nazitilia shaka, nilichagua mbio ndefu, kilometa 42 na mita 195. Mbio hizo hukimbiwa Jumapili. Paroko alitukumbusha mapema kwamba iko Misa ya Jumamosi jioni, na kwamba uchovu haumo katika orodha ya udhuru.

Nilianza mazoezi mwishoni mwa Oktoba, na nia yangu ilikuwa safi kama maji ya mfereji wa mlimani. Nilikata shauri kwamba kila kilometa nitamkumbuka mtoto yule, na kila nikipata maumivu nitayaweka kando ya maumivu yake. Nikatoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nikashika barabara ya kwenda TPC, iliyo tambarare na yenye miwa. Kabla sijazipita nyumba za mwisho za mji mtoto alikuwa amekwisha kunitoka akilini. Badala yake walikuja wageni wasioalikwa: bati la jikoni linalovuja, ada ya binti yangu, neno aliloniambia mkubwa wangu kazini, na kibwagizo cha tangazo la sabuni kilichojirudia kwa mapigo ya hatua zangu muda wa kilometa tatu nzima. Nikajikaripia, nikamrudisha mtoto mbele ya macho yangu. Naye akakaa muda wa nguzo mbili za umeme, akaondoka tena. Ilipofika siku ya kumi, kujikaripia kulikuwa kumenichosha kuliko kukimbia.

Kwanza, yatupasa kuwa wakweli juu ya akili ya binadamu. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa njia ya simu za mkononi. Waliwauliza watu 2,250, kwa nyakati zisizotazamiwa, wanafanya nini na wanawaza nini. Ikaonekana kwamba karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, mawazo yao hayakuwamo katika jambo walilokuwa wakilifanya. Akili ya mtu mwenye afya, basi, ni kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu: utamkuta ndani ya mduara wake, lakini si mahali ulipomwacha. Na kuhusu wakimbiaji hasa, mwaka 1977 William Morgan na Michael Pollock wa Marekani waliandika kwamba wakimbiaji wa kawaida wa mbio ndefu hupenda kuwaza mambo mengine ili wasiusikie uchovu, lakini wale walio bora kabisa hufanya kinyume: husikiliza pumzi zao, miguu yao na misuli yao, na kuupima mwendo kwa habari hizo. Angalieni, wasomaji, kwamba katika makundi hayo mawili hakuna hata moja lililosemwa kuwa huwaza mgonjwa.

Kama akili ndivyo ilivyo, haiwezekani wema wa mtu utegemee kutotangatanga kwake. La sivyo, hakuna mama aliyepata kumpikia mwanawe kwa upendo, maana ni mama gani aliyesonga ugali asiwaze deni la dukani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliona jambo hili zamani sana. Katika Summa Theologiae, anapoeleza habari ya kusudi la mwisho la mwanadamu, afundisha kwamba nguvu ya nia ya kwanza hubaki ndani ya matendo yanayofuata hata mtu asipoiwaza nia hiyo, naye atoa mfano wa msafiri, ambaye hana haja ya kuuwaza mwisho wa safari kila anapoinua mguu. Na anapoeleza habari ya sala asema mambo ya namna hiyo hiyo: mawazo yakipotea pasipo kutaka, nia iliyoianzisha sala haipotezi stahili yake, ijapokuwa ile ladha ya rohoni itokanayo na kuangalia kwa makini hupotea. Anayejipoteza kwa makusudi ndiye asiye na udhuru. Mapokeo yasema mwalimu huyo alikuwa mtu wa umbo kubwa, wala hatusikii popote kwamba alipata kukimbia. Hata hivyo hakuna aliyewafariji wakimbiaji kuliko yeye.

Nilipoyasoma hayo nilipata raha kwa muda wa wiki moja. Nilikimbia huku nikiwaza bati, nikajiambia kwamba nia ya asubuhi yatosha. Kisha nikaona kwamba yako mambo mawili ambayo faraja ile haikuyafunika.

La kwanza nalipita upesi, kwa kuwa lanitia haya. Mwanangu mkubwa alinipa zawadi ya saa ya mkononi, ya zile zihesabuzo hatua, mwendo na mapigo ya moyo. Kuanzia siku ile mawazo yangu yaliacha kutangatanga kabisa. Yalituama mahali pamoja, juu ya dakika. Nikawa nawaza watu watasema nini nikimaliza mbio ndefu peke yangu katika jumuiya, na jinsi nitakavyolikunjua daftari langu mbele yao. Huko si kusahau mwisho wa safari. Ni kuufuata mwisho mwingine. Msafiri wa Mtakatifu Tomaso aweza kuwaza kuku wake njia nzima na bado akafika Tabora, lakini akiisha kugeuka kwenye njia panda, hata akiliimba jina la Tabora kila hatua, hatafika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Terry Fox wa Kanada. Kijana huyo alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa sababu ya saratani, akiwa na umri wa miaka 18. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya nchi yake, kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia, akikusudia kuivuka nchi nzima ili kuchangisha fedha za uchunguzi wa saratani. Alikimbia karibu marathoni moja kila siku, siku 143, jumla ya kilometa 5,373, hata ugonjwa ulipomwingia mapafuni akasimama karibu na mji wa Thunder Bay tarehe 1 Septemba. Akafariki Juni 1981. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kilichomwondoa nyumbani ni yale aliyoyaona wodini, miongoni mwa wagonjwa wenzake. Sidhani kwamba aliwawaza kila hatua. Mtu ambaye kigutu cha mguu wake chatoka damu hukiwaza kigutu. Lakini alikuwa ameishi nao, amelala vitanda sawa na vyao, na kila mmoja wao alikuwa na uso.

Na mimi? Mtoto niliyekuwa nikimkimbilia nilikuwa nimemwona mara mbili, kanisani, kwa mbali. Nilikuwa najitahidi kumkumbuka mtu nisiyemjua. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943, alifundisha kwamba upendo wa jirani umo katika kumwangalia, na katika kuweza kumwuliza ni kitu gani kinachomsumbua. Nikaona kwamba kumbe kosa langu halikuwa barabarani, bali lilikuwa mtaani kwetu, katika hatua mia mbili ambazo sikuzitembea.

Nikaenda siku ya Jumatano jioni, nimechukua sukari na mkate. Mtoto alikuwa ameketi juu ya mkeka, hana maneno mengi. Akaiona saa yangu. Nikamweleza kwamba yahesabu mapigo ya moyo, akauliza, "Na wangu, babu, yaweza kuuhesabu?" Nikamfunga mkononi, tundu la mwisho la ukanda, bado ilikuwa kubwa. Namba ikatokea. Mama yake akaitazama, nami nikaitazama, na hatukusema neno. Kisha mtoto akaomba abaki nayo mpaka nitakapomaliza chai. Tangu jioni ile uso wake ulinijia barabarani bila kuitwa. Haukuja mara nyingi, nisije nikajisifu. Bati lilikuwa bado lavuja. Lakini ulipokuja haukuhitaji kukaripiwa ili ukae.

Sasa nifikie jambo la pili, ambalo nisingelitaja gazetini kama lisingekuwa ndilo kiini cha swali.

Katika wageni wote waliokuja kichwani mwangu nikiwa barabarani, alikuwapo mmoja aliyekuja kila siku, mvua au jua, naye ni mdogo wangu. Baba yetu alituachia kihamba kando ya barabara ya Mweka. Kwa desturi yetu Wachaga, kitinda mimba ndiye abakiye katika nyumba ya baba, naye mdogo wangu anaishi pale pamoja na mama yetu. Mimi nilipewa sehemu ya juu. Katikati pana mstari wa isale, mmea ambao sisi twautumia kuonyesha mpaka, alioupanda baba kwa mkono wake. Krismasi ya mwaka uliotangulia, nilipopanda mlimani kama ilivyo kawaida yetu, niliona kwamba mstari ule umesogea hatua tatu kuelekea kwangu. Mimi nasema umesogea. Yeye alisema uko pale pale ulipokuwa tangu tukiwa watoto, na kwamba mtu akaaye mjini hupima kihamba kwa macho ya mgeni. Hatua tatu hizo zina migomba minne na mkahawa mmoja mzee usiozaa. Tulisema maneno mbele ya mama ambayo sitayaandika. Nikashuka mjini siku ile ile, na tangu hapo hatukupeana salamu.

Basi kila alfajiri, mara tu pumzi yangu ilipokaa sawa, kesi ilifunguliwa. Mimi nilikuwa mdai, nilikuwa shahidi, na nilikuwa hakimu. Nilitoa hotuba ndefu. Nilimkumbusha ni nani aliyemlipia ada ya kidato cha kwanza. Yeye, katika kichwa changu, hakuwa na jibu lolote la maana, nilihakikisha hilo. Nilishinda kesi ile kila asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, na kila kesho yake ilinibidi kuishinda tena. Nilirudi nyumbani nikaandika katika daftari: kilometa 18. Ingekuwa kweli zaidi kama ningeandika kwamba kilometa 18 nimemkimbilia mtoto wa jirani, na kilometa hizo hizo 18 nimemtukana mtoto wa mama yangu.

Tena liko jambo dogo ambalo mtu asiyejua Moshi hawezi kulihisi. Marathoni ile, baada ya kwenda upande wa barabara ya Himo na kurudi, huupanda mlima kuelekea Mweka. Ndiko wanakovunjika moyo watu. Kila ajiandaaye kwa akili huizoea barabara hiyo mapema, na wenzangu sita walikwenda huko kila Jumamosi. Mimi nilibaki katika tambarare ya TPC. Niliwaambia kwamba ni magoti. Ukweli ni kwamba saa ile mdogo wangu huteremsha maziwa mjini kwa barabara hiyo, na nisingeweza kumpita bila ama kumwamkia ama kutomwamkia. Nilikuwa nadhani kwamba mawazo yangu yanatangatanga na miguu yafuata njia yake. Kumbe mawazo ndiyo yaliyoichagulia miguu njia.

Nasema basi kwamba yatupasa kutofautisha. Kuna mawazo yapitayo kama ndege juu ya shamba, nayo hayatudai kitu. Bati likiisha kuzibwa halirudi tena. Lakini mgeni ajaye kila siku, saa ile ile, na sura ile ile, huyo hatangitangi, anabisha hodi. Sisi twamwita upotevu wa mawazo kwa sababu hatutaki kufungua.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha habari ya jaribio walilolifanya huko Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa seminari. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa mfano wa Msamaria mwema kuwa ndio mada yao. Wengine waliambiwa wamekwisha kuchelewa, wengine kwamba saa imewadia, wengine kwamba wana nafasi. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua. Kati ya wale wenye nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya wale ambao saa yao imewadia, asilimia 45. Na kati ya wale waliochelewa, asilimia 10. Aliyekwenda kusema habari za Msamaria hakuonekana wazi kuwa bora kuliko mwingine. Mimi siwacheki vijana wale. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kazi njema yenye saa yake, na kazi njema yenye saa yake huweza kuyafumba macho kuliko anasa. Hata Msamaria mwenyewe alikuwa na safari yake na shughuli zake. Mtu aliyelala kando ya njia alikuwa, kwa hesabu ya safari ile, kizuizi.

Mke wangu, ambaye hana subira na falsafa, alinisikiliza jioni moja hata mwisho, akasema, "Baba, yule mtoto anahitaji fedha, na fedha haiulizi ulikuwa unawaza nini." Hilo ni kweli, nami nalikubali lote. Shilingi iliyochangwa na mwenye hasira hununua tiketi ya basi sawa na shilingi ya mtakatifu, wala sitaki msomaji yeyote aache kutoa akingoja kwanza moyo wake utakate, maana wagonjwa watakufa tukingali tunajitakasa. Wema uliomfikia mtoto ulikuwa mzima. Aliyepungukiwa ni mimi, na ndugu yangu, na mama aliyekaa katikati yetu.

Lakini ni maneno ya mke wangu hayo hayo yaliyonipeleka kwenye Injili ya Mathayo, sura ya tano, pale Bwana wetu anaposema habari ya mtu aletaye sadaka yake madhabahuni. Nimeyasikia maneno yale tangu utoto, na sikupata kuona jambo moja lililo wazi. Mtu yule yuko katikati ya tendo jema, sadaka mkononi, na hapo hapo akumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mawazo yake yamepotea madhabahuni! Yeyote kati yetu angemshauri alifukuze wazo lile, arudishe macho mbele, amalize kwanza alichokianza. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa aiache sadaka pale pale na kuondoka. Wala haikusemwa kwamba sadaka ni mbaya au airudishe nyumbani, yamngoja. Na jambo jingine lililonichoma: haikusemwa kwamba yeye ndiye mwenye neno juu ya ndugu yake. Imesemwa ndugu ndiye mwenye neno. Katika kesi zangu zote za alfajiri sikupata hata mara moja kumpa mdogo wangu nafasi ya kusema.

Jumamosi ya kwanza ya Februari ratiba yangu ilitaka kilometa 30. Nikashika barabara ya Mweka, nikaenda polepole, pumzi ikinipanda kooni kwa sababu ya kilima ambacho sikukizoea, nikachepuka kwenye njia ya kihamba. Wasomaji wa sehemu nyingine za nchi wajue kwamba kwetu isale haionyeshi mpaka tu. Mtu atakaye kuomba msamaha huchukua jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na si desturi njema kulikataa. Nikalichuma jani moja, nikalifuta umande kwa shati, nikaingia uani. Mdogo wangu alikuwa akikamua. Hakusimama. Nikamnyoshea jani, na hotuba zangu zote za miezi mitatu zikanikauka, nikaweza kusema tu kwamba nimekuja.

Akamaliza kukamua, akaifuta mikono, akalipokea jani, akaligeuza huku na huku kwa muda mrefu.

"Kaka," akasema, "hili umelichuma upande wa nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama akatoka jikoni kuuliza ni nani wanaocheka asubuhi namna ile.

Mpaka hatujaupima hata leo. Tulikubaliana aje mzee wa ukoo, na mzee ana shughuli nyingi. Asubuhi ile mdogo wangu aliliomba daftari langu, akajiandikisha shilingi elfu mbili kwa kila kilometa, akaongeza kwa mwandiko wake kwamba zile nitakazotembea hatazilipa. Siku ya mbio nilipoufikia mlima wa Mweka miguu iligoma, kama ilivyostahili. Nilimwona kwa mbali amesimama kwenye njia panda ya kihamba, galoni ya maji mkono mmoja na yule mtoto mabegani, naye mtoto amevaa saa yangu, wote wawili wakihesabu.